Alan Blumlein
Alan Dower Blumlein (29 Juni 1903 – 7 Juni 1942) alikuwa mhandisi wa elektroniki kutoka Uingereza. Alizaliwa mjini London. Katika maisha yake mafupi alipata hataza 128.

Mwaka 1931, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya kurekodi sauti ya stereo.

Mwaka 1936 alibuni saketi ya valvu mbili zenye rezista moja ya pamoja upande wa kathodi. Saketi hiyo hukuza tofauti ya ishara kati ya nyaya mbili na kupunguza sana kelele inayoingia katika nyaya zote mbili kwa pamoja. Hivyo kebo ndefu iliweza kuunganishwa na amplifaya bila transfoma. Blumlein aliikusudia kwa televisheni, lakini baadaye ilitumika pia katika amplifaya za mikrofoni, kwa valvu na kwa transista.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alishughulikia rada ya H2S. Alifariki akiwa na umri wa miaka 38, baada ya ndege ya Halifax iliyokuwa ikiijaribu rada hiyo kuanguka Herefordshire. Watu wote 11 waliokuwemo walikufa. Kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa siri ya vita, kifo chake hakikutangazwa wakati ule.