Andriyan Nikolayev: Mwanaanga Aliyeshindwa Kusimama

Ukiwauliza wanafunzi wa shule yetu majina ya watu waliokwenda angani, watakutajia Gagarin, watakutajia Armstrong, na pengine Bi. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kuruka huko. Hapo watanyamaza. Basi Chama chetu kiliponiomba niandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kuaga dunia, nilimteua mume wa huyo Bi. Tereshkova. Jina lake ni Andriyan Nikolayev. Wengi humsifu kwa kuruka. Mimi kilichonivuta ni jambo jingine: mwaka wa 1970 aliporudi duniani alishindwa kusimama kwa miguu yake mwenyewe, jitu zima, rubani wa ndege za kivita, na kushindwa kwake huko kukawafunza madaktari mengi.

Nikolayev alizaliwa tarehe 5 Septemba 1929 katika kijiji cha Shorshely, nchi ya Chuvashia, karibu na mto Volga. Wachuvashi ni kabila dogo ndani ya Urusi, wenye lugha yao isiyofanana na Kirusi hata kidogo. Kwa hivyo kijana huyu, kama wengi wetu hapa, alikuwa na lugha ya nyumbani na lugha ya shule. Wazazi wake walikuwa wakulima katika shamba la ujima. Alisomea mambo ya misitu, akahitimu mwaka wa 1947, akapelekwa Karelia, kaskazini kwenye baridi kali, kusimamia wakata miti. Mwaka wa 1950 aliitwa jeshini na huko ndiko alikojifunza urubani.

Watu waliomjua walimsifu kwa jambo moja, utulivu. Hakuwa msemaji. Inasimuliwa kwamba siku moja injini ya ndege yake ilizimika hewani, naye badala ya kujitupa nje kwa parachuti akaituliza ndege mpaka ikatua shambani. Mwaka wa 1960 alikuwa miongoni mwa marubani 20 wa kwanza waliochaguliwa na Wasovieti kufunzwa uanaanga, Gagarin akiwa mmoja wao.

Sasa sikiliza tatizo lililokuwapo. Gagarin aliruka mwaka wa 1961 kwa muda wa chini ya saa mbili tu, akarudi salama. Mwezi wa Agosti mwaka uo huo, German Titov akaruka siku nzima, na huko juu akashikwa na kichefuchefu na kizunguzungu. Madaktari wakaingiwa na hofu. Je, binadamu anaweza kweli kuishi pasipo uzito? Au ni safari za dakika chache tu, kisha mwili unakataa?

Nikolayev ndiye aliyepelekwa kulijibu swali hilo. Aliruka tarehe 11 Agosti 1962 katika chombo kilichoitwa Vostok 3, na kesho yake Pavel Popovich akamfuata katika Vostok 4. Ikawa mara ya kwanza kwa watu wawili kuwa angani kwa wakati mmoja, kila mtu na chombo chake, wakazungumza kwa redio. Nikolayev alifungua mikanda ya kiti akaelea ndani ya chumba chake, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Alizunguka dunia mara 64 kwa muda wa karibu siku nne. Alikula, akalala, akafanya kazi, wala hakutapika. Tarehe 15 Agosti wote wawili walirudi wakipishana kwa dakika chache, wakashuka kwa parachuti katika nyika za Kazakhstan.

Tarehe 3 Novemba 1963 alimwoa Bi. Tereshkova mjini Moscow. Harusi hiyo haikuwa ya siri, maana Khrushchev mwenyewe, kiongozi wa nchi, alihudhuria! Mwaka uliofuata walijaliwa binti, mtoto wa kwanza duniani ambaye baba na mama wote wawili walikuwa wamefika angani. Ati madaktari walimchunguza mtoto yule kama yai. Alikuwa mzima kabisa. Ndoa yenyewe haikudumu. Waliachana mwaka wa 1982, na sioni haja ya kuwachimba zaidi katika hilo.

Tuje kwenye safari iliyonifanya niandike. Tarehe 1 Juni 1970 Nikolayev aliruka mara ya pili, katika Soyuz 9, pamoja na mhandisi Vitaly Sevastyanov. Siku hizo Neil Armstrong alikuwa mgeni huko huko Urusi, akikaribishwa na Bi. Tereshkova pamoja na wanaanga wengine. Jioni wenyeji wakamwonyesha picha za roketi ikiruka. Kumbe ilikuwa imeruka siku iyo hiyo, na aliyekuwa ndani ni mume wa mwenyeji wake! Mama wa watu alikuwa amekaa siku nzima na mgeni bila kusema lolote. Hiyo ndiyo siri ya enzi zile.

Wanaanga hawa wawili walikaa juu karibu siku 18. Walivunja rekodi ya Wamarekani Borman na Lovell, waliokaa siku 14 mwezi wa Desemba 1965. Walicheza hata sataranji kwa redio na watu wa chini, mchezo ukaisha sare. Lakini chumba kilikuwa kidogo. Chombo chenyewe kilifanywa kizunguke kama pia ili mabamba yake yapate jua, na mzunguko ule uliwasumbua. Mazoezi waliyafanya kwa kuvuta kamba za mpira, na kama ilivyokuja kuonekana, hayakutosha.

Walitua Kazakhstan tarehe 19 Juni. Waokoaji wakafungua mlango wakitarajia mashujaa watoke wakipunga mikono. Lo! Mashujaa walishindwa kusimama. Ilibidi wasaidiwe kutoka na kubebwa. Mioyo yao ilienda mbio hata wakiwa wamelala. Walijihisi kana kwamba uzito wao umeongezeka mara mbili au zaidi, na hata kitanda laini walikiona kigumu. Zilipita siku kadhaa kabla hawajatembea kama watu wengine. Huyu ndiye mtu yule yule mtulivu wa mwaka wa 1962, aliyekuwa hajatingishwa na kitu.

Kulikuwa na nini? Hapa naomba walimu wetu wa bayolojia wanivumilie, nitaeleza kwa lugha ya kawaida.

Hebu simama hapo ulipo. Ukisimama tu, zaidi ya nusu lita ya damu yako huteremka kwenye miguu na tumbo la chini kwa sababu ardhi inaivuta. Ikibaki huko, ubongo utakosa damu na utaanguka. Lakini huanguki. Kwa nini? Kwa sababu shingoni, kwenye mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, na pia juu ya moyo, kuna neva zinazopima shinikizo la damu kila wakati. Shinikizo likishuka kidogo tu, neva hizo huupasha ubongo habari, ubongo unauamuru moyo uende haraka, na mishipa ya miguuni inajibana ili damu irudi juu. Yote haya hutendeka kwa sekunde chache na wewe huna habari. Misuli ya miguu nayo husaidia kuisukuma damu. Ndiyo maana mwenzetu akisimama wima gwarideni muda mrefu juani bila kutikisa miguu, utamwona anapepesuka kisha puu! chini. Si uoga wala njaa peke yake. Damu imekaa miguuni.

Angani hakuna cha kuivuta damu ishuke. Inapanda kifuani na kichwani. Uso wa mwanaanga huvimba, miguu hukonda kama ya korongo. Sasa mwili unadanganyika. Unaona kifua kimejaa, unadhani maji yamezidi, basi unayapunguza. Hata kiu hupungua. Baada ya siku chache sehemu ya maji ya damu huwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 15. Moyo nao ni msuli. Huko juu hauna mlima wa kupandisha damu, kwa hivyo unafanya kazi ndogo, nao unapungua. Zile neva za shingoni zinazoea uvivu. Miguu ndiyo usiseme.

La ajabu ni kwamba mwanaanga mwenyewe hajisikii mgonjwa. Kwa maisha ya kule juu mwili wake umejipanga sawasawa kabisa. Taabu inaanza siku ya kurudi. Dakika ile anaposimama, dunia inaivuta damu yake kama zamani, na damu yenyewe ni haba, moyo ni mdogo, mishipa imesahau kujibana. Shinikizo linaporomoka, moyo unakimbia kujaribu kuokoa jahazi, macho yanaingia giza.

Wamarekani nao walikuwa wameiona dalili hii mapema. Mwaka wa 1963 Gordon Cooper, aliyekaa angani saa 34 tu, alishikwa na kizunguzungu aliposimama juu ya meli iliyomwokoa. Ila Cooper alipata nafuu upesi. Nikolayev na Sevastyanov ndio waliowaonyesha watu kwamba siku 18 zinaweza kumlaza mtu mwenye afya kamili. Fikiria mtu anasafiri miezi mingi kwenda Mars, anafika, anafungua mlango, halafu hawezi kusimama, na huko hakuna wa kumbeba. Baadhi ya watu waliona kwamba ndoto za kuishi angani zimekwisha.

Kwa maoni yangu hapa ndipo jina la Nikolayev linapostahili heshima kubwa kuliko ile ya rekodi. Mwili wake ndio uliokuwa kitabu cha madaktari. Baada ya safari yake mambo yakabadilika. Vituo vya angani vikawekwa mashine za kukimbilia, na wanaanga wakafanya mazoezi kila siku, wapende wasipende. Siku hizi ni kama saa mbili. Wakatengenezewa nguo zenye mipira ya kukaza inayoulazimisha mwili kushindana nayo. Warusi wakaunda suruali iitwayo Chibis, ambayo inanyonya hewa kuzunguka miguu ili damu ishuke kama vile mtu yuko duniani, na moyo ukumbuke kazi yake kabla ya safari ya kurudi. Karibu na kutua, wanaanga hunywa maji yenye chumvi ili kuongeza damu, na huvaa nguo za kubana miguu na tumbo. Hata hivyo wengine huzirai bado, na ukiona picha za wanaanga wakitua Kazakhstan wamebebwa vitini, usiwacheke.

Wote hawakunufaika. Mwaka wa 1971 wanaanga watatu wa Soyuz 11 walikaa siku 23, wakaivunja rekodi ya Nikolayev, lakini hewa ikavuja chomboni wakiwa njiani kurudi, wakafa wote kabla ya kutua. Lakini tarehe 22 Machi 1995 Valery Polyakov, ambaye kwa kazi yake alikuwa daktari, alirudi baada ya siku 437 mfululizo angani. Alitembea mwenyewe hatua chache kutoka chomboni hadi kwenye kiti. Siku 437 kwa 18! Nikolayev alikuwa hai wakati huo, na mimi ningependa sana kujua aliwaza nini.

Baada ya Soyuz 9 Nikolayev alipandishwa cheo akawa meja jenerali. Hakuruka tena. Aliwafunza wanaanga wengine hadi mwaka wa 1982 alipoondoka katika kikosi chao. Na rekodi yake moja haijavunjwa hata leo: hakuna chombo cha watu kilichokaa angani muda mrefu kuliko Soyuz 9 peke yake, bila kujiunga na kituo chochote.

Alifariki tarehe 3 Julai 2004 mjini Cheboksary, mji mkuu wa Chuvashia, alikokwenda kwa ajili ya michezo ya watu wa vijijini. Moyo wake ulisimama. Wapo watakaosema ni safari zile zilizouharibu; mimi sikubaliani nao, kwani alikuwa na umri wa miaka 74, na miaka 34 ilikuwa imepita tangu Soyuz 9. Kulikuwa na ubishi kuhusu mahali pa kumzika, wengine wakitaka azikwe karibu na Moscow pamoja na wanaanga wenzake. Mwishowe alizikwa kwao, Shorshely.