Daktari Aliyetazama Vidole Vyake

Ferdinand Blum alizaliwa mwaka 1865 katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alisomea udaktari.

Zamani hizo madaktari walikuwa na shida. Kipande cha nyama kilichokatwa mwilini mwa mgonjwa huoza upesi. Kikioza, hata hadubini haiwezi kuonyesha ugonjwa uliomo. Walikihifadhi katika spiriti, lakini spiriti hukikunja.

Blum alikuwa akipima dawa mpya iitwayo formalini. Alitaka kujua kama inaua vijidudu. Dawa ikamgusa mikononi. Akaona ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu, kama nyama iliyokaa katika spiriti. Mwingine angenawa na kusahau. Blum alifikiri. Akachanganya sehemu moja ya formalini na sehemu tisa za maji, akatia vipande vya nyama. Vikawa vigumu, wala havikuoza. Mwaka 1893 aliandika habari hiyo ili madaktari wengine waijue.

Blum alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Wanazi walipowatesa Wayahudi, alikimbilia Uswisi mwaka 1939, akiwa mzee. Alifariki huko mwaka 1959, akiwa na miaka 94.

Formalini ni sumu, tuwaachie wataalamu. Lakini mpaka leo uvimbe ukikatwa hospitali, kipande hutiwa humo, kisha hupimwa kama kina saratani. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukikatwa uvimbe, usidhani mambo yamekwisha. Rudi uchukue majibu.