Maisha ya Allidina Visram, Mwenye Maduka

Wanachama wengi wa chama chetu walitoka kwao kuja kutafuta riziki ugenini. Kwa ajili yao twaeleza habari za Allidina Visram.

Alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, Kutch, Bara Hindi. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12 tu, alivuka bahari akafika pwani ya Afrika ya Mashariki. Hakuanza kwa kuwa tajiri, bali kwa kutumika. Huko Bagamoyo alijifunza kazi kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyepeleka misafara bara; kisha akajitegemea. Wateja wake wa bara wasipokuwa na fedha, alipokea walichokuwa nacho, kama nta, asali na pembe, naye akawapa nguo na chumvi.

Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, hakungoja miji ijengwe. Reli iliposonga mbele, maduka yake yaliandamana nayo. Na ilipofika Kisumu mwaka 1901, yeye alikuwa amekwisha fungua duka Kampala.

Alifariki mwaka 1916, na biashara ile kubwa haikudumu sana baada yake. Lakini shule yenye jina lake, iliyofunguliwa Mombasa mwaka 1923, ingalipo. Zamani ilikuwa ya watoto wa Kihindi. Leo yafundisha watoto wa kila kabila. Basi, ndugu, tufungue maduka, lakini tusisahau shule. Mali huisha, elimu hurithiwa hata na wasio jamaa.