Max Dehn, bingwa wa mafundo aliyekimbia na hesabu zake

Mwaka 1907, Mjerumani Richard Kandt alipojenga makao yake kwenye kilima cha Nyarugenge na kuanzisha mji wa Kigali, Max Dehn alikuwa mwalimu wa hisabati huko Münster, Ujerumani. Nyumba ya Kandt sasa ni makumbusho. Dehn hakuacha nyumba huku, lakini mambo aliyoyachunguza anayajua kila mtu wa safari na mizigo: fundo la kamba, na njia ya kwenda na kurudi.

Alizaliwa Hamburg mwaka 1878, akasomea Göttingen chini ya David Hilbert. Mwaka 1900 Hilbert alipotangaza maswali magumu 23 ya hisabati, mwanafunzi wake alikuwa wa kwanza kulijibu mojawapo. Alikuwa na miaka 21.

Kisha akaingia kwenye topolojia, yaani elimu ya maumbo yanayoweza kuvutwa na kupindwa bila kukatwa. Funga kamba fundo la vitanzi vitatu, unganisha ncha zake, halafu litazame kwenye kioo. Fundo lile na la kioo yanafanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Je, moja laweza kupindwa hadi liwe lile jingine? Mwaka 1914 Dehn alithibitisha kwamba haiwezekani, hata ukihangaika nalo mwaka mzima.

Silaha yake ilikuwa nadharia ya makundi, ambayo huandika miendo kama orodha ya hatua. Mchuuzi akitoka Kigali hadi Goma akarudi, kisha akaenda Gatuna akarudi, kila mwendo umefutwa na marejeo yake. Yuko pale pale alipoanza. Lakini hatua zikiwa elfu, na kuna kanuni za kubadilisha hatua hizi kwa zile, utajuaje kama orodha nzima inafutika? Swali hilo Dehn alilitoa mwaka 1911, akalijibu kwa makundi yanayotokana na nyuso kama za donati yenye matundu mawili au zaidi. Mrusi Pyotr Novikov alikuja kuonyesha mwaka 1955 kwamba njia moja ya kufaa makundi yote haipo.

Hakuwa mtu asiyekosea. Mwaka 1910 alichapisha uthibitisho uliosifiwa sana. Mwaka 1929 Hellmuth Kneser akagundua una pengo. Ni kama daftari la duka ambalo jumla yake ni sawa, ila mstari mmoja wa katikati haupo. Jumla ilikuwa sawa kweli: Mgiriki Christos Papakyriakopoulos aliujaza mstari huo mwaka 1957.

Dehn alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Wanazi walimwondoa kwenye uprofesa wa Frankfurt mwaka 1935, wakamkamata Novemba 1938, kisha wakamwachia kwa sababu mahabusu zilikuwa zimejaa. Akatorokea Denmark, halafu Trondheim nchini Norway. Wajerumani walipoivamia Norway mwaka 1940, yeye na mkewe Toni hawakuweza kuvuka Atlantiki. Wakageukia mashariki: Stockholm, Moscow, treni ya Siberia hadi Vladivostok, Japani, kisha meli hadi San Francisco, walikofika Januari 1941. Alikuwa na miaka 62.

Kazi za Marekani zilikuwa za kubahatisha, Idaho, Chicago, Annapolis. Mwaka 1945 alikubali kufundisha Black Mountain, chuo kidogo cha sanaa huko North Carolina. Walimpa dola 25 kwa mwezi. Aliomba zaidi, wakaafikiana 40, pamoja na malazi na chakula. Alikuwa mwanahisabati pekee chuoni, akifundisha pia falsafa na Kigiriki, na mara nyingi masomo yake yaliendelea katika matembezi ya milimani.

Alifariki huko Juni 1952, akazikwa msituni katika eneo la chuo.