Lettow-Vorbeck: Mjerumani aliyehesabu risasi moja moja

Machi 2020, siku tuliposikia kuwa mpaka wa Rusizi unafungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa miongoni mwa waliokimbilia sokoni hapa Kamembe. Nilinunua chumvi ya kutosha mwaka mzima, sabuni, na betri za redio ambazo mpaka leo ziko kwenye droo, zimeoza. Nyinyi wafanyabiashara mnaovuka kwenda Bukavu mnazikumbuka siku zile kuliko mimi mwalimu. Mwenye duka mmoja alifunga mlango akasema mafuta yamekwisha, na sote tuliona madumu kwa dirishani.

Usiku ule, nikiwa nimezungukwa na chumvi yangu, nilimkumbuka mtu niliyefundishwa habari zake nikiwa mtoto wa mkimbizi katika shule ya msingi Tabora, Tanzania. Mwalimu wetu alimpenda mno. Alituambia huyu ndiye jemadari pekee wa Ujerumani aliyemaliza Vita Kuu ya Kwanza bila kushindwa vitani. Jina lake Paul von Lettow-Vorbeck. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kufundisha mwenyewe, niliisoma habari yake upya na kukuta mambo ambayo mwalimu wangu hakuyasema.

Alizaliwa Machi 20, 1870, mjini Saarlouis, katika ukoo wa wanajeshi. Mwaka 1900 alipelekwa China kuzima uasi wa Mabondia. Kuanzia 1904 alikuwa ofisa katika Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, chini ya Jenerali Lothar von Trotha, wakati Waherero na Wanama walipouawa kwa bunduki na kwa kiu jangwani. Huko aliumia jicho la kushoto. Serikali ya Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari. Sisi wa Rwanda hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo, na ndiyo maana nalitaja mapema kabla sijafika kwenye ushujaa wake.

Januari 1914 alishuka Dar es Salaam kuwa mkuu wa jeshi la koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Vita vilipoanza Agosti mwaka huo alikuwa na askari weusi wapatao 2,500 na Wazungu mia mbili na ushee. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni likae nje ya vita. Lettow alitaka kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo waje Afrika ili wasipigane Ulaya. Walikorofishana mpaka mwisho.

Shida yake ilikuwa moja nayo ilikuwa kubwa: manowari za Waingereza zilifunga pwani yote. Hakukuwa na meli ya kuleta bunduki, dawa, nguo wala risasi. Tena makampuni yake mengi yalikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, inayotumia baruti ya zamani. Ukiipiga, wingu la moshi linapanda na adui anajua ulipo.

Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na askari wapatao 8,000 kutoka India. Lettow alikuwa na elfu moja hivi. Kila mtoto wa Tanzania amesikia habari ya nyuki waliowashambulia watu wa pande zote mbili siku ile. Mimi nilizipenda nyuki hizo sana darasani. Lakini kwa Lettow cha maana kilikuwa vitu ambavyo Waingereza waliacha ufukweni walipokimbia: mamia ya bunduki za kisasa, bunduki 16 za rashasha ambazo askari waliziita bombomu, na risasi zipatazo 600,000. Duka lake la kwanza likawa adui mwenyewe.

Januari 1915 akapigana tena Jasini, mpakani na Kenya ya leo, na akashinda. Baada ya ushindi akakaa chini kupiga hesabu. Siku mbili zile zilikuwa zimekula risasi 200,000, na maofisa wake kadhaa wazuri walikuwa wamekufa. Akaona kuwa kwa akiba iliyobaki angeweza kupigana mapigano mengine matatu tu ya namna ile. Kuanzia hapo aliacha vita vikubwa akaanza kuvizia: kulipua reli ya Uganda, kupiga na kutoweka. Watu husifu akili yake ya vita vya msituni. Mimi naona ilianzia kwenye daftari la ghala.

Kisha ikaja meli. Aprili 14, 1915, meli iliyojibadilisha sura na kujiita Kronborg ya Denmark iliingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Kwa kweli ilikuwa meli ya Kiingereza iliyotekwa na Wajerumani, jina lake Rubens, na nahodha wake alikuwa Carl Christiansen. Manowari ya Kiingereza iliifuata ikaipiga makombora hadi ikawaka moto na kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Waingereza waliondoka wakiamini kazi imekwisha. Ndani mlikuwa na bunduki zipatazo 1,800 na risasi zaidi ya milioni nne.

Wajerumani walirudi wakazamia. Kwa majuma kadhaa watu walitoa masanduku chini ya maji na kuyabeba nchi kavu. Ila maji ya chumvi yalikuwa yameshapenya. Ndugu msomaji, tuitazame risasi moja ilivyo: kuna ganda la shaba, ndani yake baruti, kwenye kitako fataki ndogo inayowasha baruti ikigongwa, na mdomoni ile risasi yenyewe inayoruka. Chumvi iliharibu baruti na fataki. Kila juma lilipopita, risasi zilizogoma ziliongezeka.

Hapakuwa na njia ya mkato. Lettow aliamuru shehena yote ifumuliwe. Risasi moja moja ilivunjwa, baruti ikamwagwa na kuanikwa ikauke, fataki zilizooza zikang'olewa na kubadilishwa kwa fataki kuukuu zilizopatikana humo humo kolonini, kisha kila kitu kikarudishwa mahali pake. Kazi hiyo ilifanywa kwa miezi, asubuhi hadi usiku, katika karakana na maghala mpaka Moshi. Hebu fikiri mikono iliyohitajika, kwa risasi milioni kadhaa.

Baada ya hapo walizijaribu na kuzipanga. Fataki bora ziliwekwa kwa risasi za bombomu tu, maana bombomu ikigoma katikati ya shambulio kikosi kizima kinakufa. Risasi ambazo katika kila mia ziligoma kama 20 zilipelekwa vitani. Zilizogoma zaidi ya hapo zilitumika kwenye mazoezi ya kulenga shabaha. Yaani askari alikwenda mbele ya adui akijua kuwa akivuta kifyatulio mara tano, mara moja atasikia kelele ya chuma tupu.

Koloni zima lilikuwa hivyo. Kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, na wengine walitengeneza dawa ya malaria kutoka magome ya mti wa kwinini; askari waliinywa ikiwa chungu mno, wakaiita pombe ya Lettow. Nguo zilifumwa na kutiwa rangi za mimea. Manowari Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi iling'olewa ikaburutwa nchi kavu.

Hata fedha ilitengenezwa nyumbani, na hapa wafanyabiashara nisikilizeni. Vita vilipoanza watu walizificha rupia za fedha, kama ilivyo kawaida ya watu wenye hofu, na serikali ikabaki bila sarafu za kulipa. Ikachapa noti za muda mjini Dar es Salaam, ambazo watu hawakuzipenda. Mwaka 1916, Tabora, karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke ilitoa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na shaba ikatoa heller za 5 na 20. Inasimuliwa kuwa sehemu ya shaba hiyo ilikuwa maganda ya risasi na mizinga. Neno letu hela limetokana na heller hiyo. Nikiwa mdogo, bibi mmoja jirani yetu Tabora alikuwa nayo moja kwenye pindo la kanga. Hakukubali tuishike.

Na huku kwetu? Septemba 1914 Wajerumani waliokuwa Rwanda chini ya Kapteni Max Wintgens walivuka ziwa wakateka kisiwa cha Idjwi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja Rusizi ikawa mstari wa vita, Wabelgiji ng'ambo, Wajerumani huku Cyangugu. Aprili 1916 Wabelgiji wakavuka kwa nguvu, na Mei 6 wakaingia Kigali. Wintgens alirudi nyuma bila kusubiri kuzungukwa. Kwa hesabu za Lettow, Rwanda haikustahili risasi zake. Septemba 1916 Tabora nayo ikaanguka. Majeshi yaliyopita yalikuwa yamekula mazao na kuchukua vijana kubeba mizigo, na katika miaka ile ya 1916 hadi 1918 njaa ya Rumanura iliua watu kaskazini magharibi mwa nchi yetu. Wazee wa Bugoyi waliisimulia kwa vizazi.

Hapo ndipo ninapoachana na mwalimu wangu wa Tabora. Sanduku la risasi halikuwa na miguu. Kila risasi iliyofumuliwa na kushonwa upya ilibebwa kichwani na mpagazi, mzigo wa kilo 25 au zaidi, siku baada ya siku, mara nyingi bila malipo na bila chakula cha kutosha. Waingereza walifanya hayo hayo kwa wingi zaidi: upande wao wapagazi waliokufa, kwa hesabu iliyoandikwa tu, ni kiasi cha 95,000. Soko la Kariakoo la Dar es Salaam limepata jina kutokana na kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, waliokaa pale. Upande wa Lettow hesabu ya wapagazi waliokufa haikuwekwa. Mtu aliyejua ni fataki ngapi zilibaki katika kila ghala hakuacha daftari la wapagazi wake. Daktari wa jeshi lake, Ludwig Deppe, alikiri katika kitabu chake cha mwaka 1919 kuwa walikopita waliacha mashamba matupu na njaa.

Novemba 25, 1917, baada ya mapigano makali ya Mahiwa kummalizia karibu risasi zote za kisasa, Lettow alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Siku hiyo hiyo alivamia kambi ya Wareno pale Ngomano, akapata bunduki za kutosha kuwapa zaidi ya nusu ya watu wake, na risasi 250,000. Siku zile zile ndege kubwa ya puto, L59, ilikuwa imetoka Bulgaria kumletea shehena. Ilifika juu ya Sudan ikaamriwa kurudi. Hakuihitaji sana. Kwa mwaka mzima alizunguka Msumbiji akiishi kwa maghala ya Wareno na Waingereza, kisha akarudi Tanganyika na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Habari kuwa vita vimekwisha Ulaya ilimkuta huko Kasama. Novemba 25, 1918, alikabidhi silaha mjini Abercorn, unaoitwa Mbala siku hizi. Alibaki na Wazungu 155 na askari 1,168. Waingereza walipohesabu walikuta bunduki 1,071 na risasi 208,000. Bunduki zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Za Kijerumani, zile zilizozamiwa Manza, hazikuwapo hata moja.

Mwaka 1919 alipita Berlin akishangiliwa. Mwaka uliofuata akajiingiza katika jaribio la Kapp la kupindua serikali, akafukuzwa jeshini. Alikuwa mbunge kuanzia 1928 hadi 1930. Alikataa ubalozi aliopewa na Hitler, na wanawe wawili wa kiume walikufa katika vita vya Hitler. Baada ya vita hivyo alipofilisika, adui wake wa zamani, Jan Smuts wa Afrika Kusini, alimtumia vyakula. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam kutembea, na askari wake wazee wakampokea kwa wimbo.

Askari wale walikuwa wakimdai. Pale Abercorn waliondoka na vipande vya karatasi badala ya mishahara yao, kwa kuwa fedha haikuwapo, na Waingereza, alipowaomba walipe, walikataa. Walipelekwa kambini Tabora, mji wangu wa utotoni, na wengi walikufa huko kwa homa ya mafua ya mwaka ule.

Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg, Machi 9, 1964, akiwa amebakiza siku 11 kutimiza miaka 94. Mwaka huo huo Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua deni lilipwe, na ofisa akaja na fedha hadi Mwanza. Wazee mia tatu na kitu walijitokeza. Wachache tu walikuwa bado na karatasi zao. Inasimuliwa kuwa waliobaki walipewa fimbo ya ufagio, mmoja mmoja, na kuamriwa kwa Kijerumani waishike kama bunduki. Aliyejua amri alilipwa. Fedha hizo zilikuwa za askari. Watoto wa wapagazi, kama wapo waliokwenda Mwanza siku ile, hawakuwa na amri ya kukumbuka.