Leo Baekeland: Mvumbuzi wa Gundi Isiyoyeyuka

Aghalabu jina la Leo Baekeland halisikiki katika majengo yanayoinuka Thika na Ruiru. Hata hivyo, plaiwudi nyeusi ambamo mafundi humimina zege, isiyobanduka matabaka kwa maji, hushikanishwa na ulimbo uliotokana na kazi yake.

Baekeland alizaliwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1863, baba yake akiwa fundi viatu. Alihitimu shahada ya uzamifu akiwa na umri wa miaka 21, akahamia Marekani mwaka 1889. Karatasi zake za picha, Velox, zilimtajirisha, akajenga maabara Yonkers.

Huko alitafuta kibadala cha lakiri, ambayo ilitokana na wadudu wa India. Waliomtangulia walipochanganya fenoli na fomaldehidi walipata kitu kigumu kilichong'ang'ania vyombo, wakakitupa. Baekeland, akisaidiwa na mwajiriwa wake Nathaniel Thurlow, aliudhibiti mchanganyiko huo kwa joto na shinikizo. Mwaka 1907 akapata bakelaiti, ambayo ikishaganda haiyeyuki tena.

Hataza ilibeba jina la mwajiri. Thurlow hukumbukwa na wachache. Isitoshe, mvuke wa fomaldehidi huwasha macho na koo, na huweza kusababisha saratani. Wanaouvuta kwanza ni wapika gundi viwandani.

Baekeland aliiuza kampuni yake mwaka 1939, akafariki mwaka 1944. Sifa zake ni za haki, lakini tathmini ya mvumbuzi haikamiliki pasipo kuihesabu mikono iliyokoroga na mapafu yaliyovuta mvuke.