Kennedy: Dunia ilimlilia mtu au ahadi zake?

Mwaka 2023 taasisi ya Gallup iliwauliza Wamarekani wanawaonaje marais wao waliopita. Katika kila watu 100, watu 90 walisema wanaridhika na kazi aliyoifanya John Kennedy. Ronald Reagan aliyemfuatia alipata asilimia 69 tu. Huyu ni mtu aliyekaa Ikulu chini ya miaka mitatu na kuuawa mwaka 1963. Kwa hesabu hiyo, wengi wanaomsifu leo hawakuwahi kumwona akitawala. Na huku kwetu Afrika Mashariki, hasa Kenya, wapo wanaume wengi tu waliopewa jina lake. Mimi swali langu ni moja: tunampenda kwa aliyoyatenda, au kwa aliyoyaahidi?

Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917 huko Brookline, jimbo la Massachusetts, mtoto wa pili kati ya tisa. Mababu zake walikuwa Wakatoliki wa Ireland waliohamia Marekani karne ya 19, wakati nchi yao imekumbwa na njaa. Walipofika walidharauliwa kwa umaskini wao na kwa dini yao. Lakini baba yake, Joseph, alikuwa tajiri mkubwa na balozi wa Marekani nchini Uingereza, na hakuficha kwamba anataka mwanawe mmoja awe rais. Matumaini hayo yalikuwa kwa kaka mkubwa, Joseph mdogo. Huyo alifia vitani mwaka 1944, na mzigo ukamwangukia John.

John mwenyewe naye aliponea chupuchupu. Agosti 1943, katika visiwa vya Solomon, manowari ya Kijapani iliipasua boti aliyokuwa akiiongoza. Mabaharia wawili walikufa. Yeye aliogelea kwa saa kadhaa akimvuta majeruhi kwa kung'ata mkanda wa jaketi lake la kujiokolea. Ushujaa huo ulikuwa wa kweli. Ambacho wananchi hawakuambiwa ni kuwa mtu huyo aliyeonekana mwenye afya tele aliishi kwa dawa, akisumbuliwa na mgongo na maradhi ya tezi.

Kwa wasomaji wa safu hii, huenda siku kubwa kuliko zote katika maisha yake ni tarehe 2 Julai 1957. Wakati huo Ufaransa ilikuwa ikiwaua na kuwatesa Waislamu wa Algeria waliodai nchi yao, na Marekani ilimkingia kifua mshirika wake. Kennedy, akiwa seneta kijana, alisimama katika Seneti akataka Algeria ipewe uhuru wake. Paris ilikasirika, serikali ya Eisenhower ikamkemea, na hata wakubwa wa chama chake mwenyewe wakamwona mropokaji. Hakukuwa na kura za Waalgeria Massachusetts. Alisema lisilokuwa na faida kwake siku ile, na miaka mitano baadaye, Julai 1962, Algeria ikawa huru.

La pili linatugusa zaidi. Mwaka 1960 Tom Mboya wa Kenya alikuwa akihangaika kutafuta nauli za vijana wa Afrika Mashariki waliopata nafasi za masomo Marekani. Alimfuata Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na mfuko wa familia ukatoa dola 100,000. Ni kweli kwamba Kennedy alikuwa mgombea akizihitaji kura za watu weusi. Lakini ndege ziliruka, na vijana walisoma. Hapa nirekebishe jambo linalosemwa sana: baba yake Barack Obama hakusafiri kwa fedha hizo. Yeye aliondoka mwaka 1959, kabla hazijatolewa.

Katika uchaguzi wa 1960 tatizo lake kubwa lilikuwa dini. Haikuwahi kutokea Mkatoliki kuwa rais wa Marekani. Wapo waliosema akichaguliwa, nchi itaongozwa na Papa kutoka Roma. Septemba mwaka huo ilimbidi aende Houston, akae mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti na kujieleza kama mshitakiwa, awahakikishie kuwa imani yake haitaingilia kazi yake. Mwisho alimshinda Richard Nixon kwa kura zisizofika 120,000 katika kura zaidi ya milioni 68. Mwaka 2008 swali lile lile lilirudi kwa sura nyingine. Safari hii mtuhumiwa alikuwa Obama, na tuhuma ilikuwa kwamba eti ni Mwislamu wa siri. Mlango uliomfungukia Mkatoliki haukuwa umefunguka kwa kila mtu.

Sasa tutazame alipokalia kiti. Aprili 1961 aliruhusu uvamizi wa Cuba uliopangwa na CIA, ukashindwa vibaya. Oktoba 1962 dunia ilikaribia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora ya Urusi huko Cuba. Kennedy aliwakatalia majenerali waliotaka kushambulia, na kwa siri akakubali kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Hapo anastahili sifa kamili. Lakini huko Vietnam, aliwakuta washauri wa kijeshi wasiofika elfu moja, akawaacha wapatao 16,000.

Mashariki ya Kati alikwenda huku na huku. Aliandikiana barua na Gamal Abdel Nasser na kuiuzia Misri ngano kwa masharti nafuu. Alimbana Ben-Gurion kuhusu kinu cha nyuklia cha Dimona. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekubali, mwaka 1962, kuiuzia Israel makombora ya Hawk, silaha kubwa ya kwanza kupewa na Marekani. Mpango wa kutafuta suluhu ya wakimbizi wa Kipalestina ulianza wakati wake na ukafia mikononi mwake. Seneta aliyeiona dhulma ya Algeria aliifumbia macho ya Palestina. Tofauti ni kwamba sasa kura zilihusika.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Wamarekani weusi. Katika kampeni aliahidi kuwa ubaguzi katika nyumba za serikali ungefutwa kwa saini moja tu. Miezi ikapita, hakusaini, mpaka watu wakaanza kumtumia kalamu Ikulu. Alisaini Novemba 1962. Aliogopa wabunge wa chama chake wa majimbo ya Kusini. Ni baada ya dunia kuona mbwa wa polisi wakiwararua watoto Birmingham ndipo, tarehe 11 Juni 1963, alipozungumza kwenye televisheni na kuuita ubaguzi suala la maadili. Miezi minne baadaye, mdogo wake Robert, akiwa Mwanasheria Mkuu, aliidhinisha FBI kunasa simu za Martin Luther King.

Tarehe 22 Novemba 1963 alipigwa risasi Dallas, akiwa na miaka 46. Dunia ililia, Afrika nayo ikalia. Malcolm X hakulia. Viongozi wa Nation of Islam walikuwa wamewakataza wahubiri wao kuzungumzia kifo hicho, lakini yeye alipoulizwa alisema, kwa maana yake, kuwa ukatili ulioachwa uote Marekani umemrudia mwenyewe. Akanyamazishwa kwa siku 90. Machi 1964 akajitoa, Aprili akaenda kuhiji Makka, na Oktoba alikuwa Dar es Salaam. Kifo cha rais Mkatoliki kikawa miongoni mwa sababu za safari ya Malcolm kuelekea Uislamu usiobagua rangi.

Sheria ya haki za raia aliyoiomba Kennedy ilisainiwa na Lyndon Johnson mwaka 1964. Safari ya mwezini aliyoiahidi ilifika mwaka 1969. Peace Corps, ambao makundi yao ya kwanza mwaka 1961 yalipangiwa Ghana na Tanganyika, walimpita umri. USAID aliyoianzisha mwaka huo huo ilivunjwa mwaka 2025 na serikali ya Trump.

Nionavyo mimi, Kennedy alikuwa jasiri zaidi alipokuwa hana kiti, na mwoga zaidi pale kiti kilipokuwa hatarini. Risasi ilimkuta ndiyo kwanza ameanza kulipa deni, na marehemu hadaiwi. Ndiyo maana anapendwa hivyo. Ahadi yake ilibaki nzima kwa sababu hakupewa muda wa kuivunja wala wa kuitimiza. Wanasiasa walio hai hawana udhuru huo. Wanapotuambia maneno matamu kuhusu wanyonge, tuwaulize walisema nini siku ambayo kusema kuligharimu kura.